Kijalizo na Keria: Kiolesura cha Mchezo wa Mtandaoni na Nafasi ya Kiswahili

Utangulizi

Chakol ni eneo la Teso Kusini, katika Kaunti ya Busia, magharibi mwa Kenya. Limo katikati ya miji miwili ya mpakani, Busia na Malaba, ambayo yote ni milango ya kuingilia Uganda. Mkazi wa hapo huweza kupitia lugha nne au tano kwa siku moja: Kiteso nyumbani, lahaja za Kiluhya kwa majirani na wakwe, Kiswahili sokoni na kwa madereva wa malori, Kiganda ng'ambo ya mpaka, na Kiingereza darasani. Hata hivyo, kijana wa eneo hili anapoketi mbele ya tarakilishi ili acheze mchezo wa mtandaoni, lugha hizo zote huachwa mlangoni isipokuwa moja. Jina la kila kitufe, kila onyo na kila agizo humjia kwa Kiingereza, na akikosa kuelewa onyo moja tu huenda akashindwa, hata kama vidole vyake ni vyepesi kuliko vya wenzake.

Makala haya yanafafanua namna mchezaji anavyoweza kubadilisha sura ya mchezo wa aina hiyo kwa kutumia programu ndogo za kuongezea, na yanaeleza kwa nini jambo hilo linawahusu wanafunzi wa Kiswahili. Hoja inayojengwa ni kwamba programu hizo ni mlango ambao Kiswahili kinaweza kuingilia bila kusubiri hisani ya kampuni inayomiliki mchezo, na kwamba sehemu kubwa ya kazi ya kuufungua mlango huo si ya fundi wa tarakilishi, bali ni ya mwanaisimu.

Mfano wa nyumbani: baiskeli ya mpakani

Kabla ya kuingia katika tarakilishi, inafaa kuanza na chombo ambacho mpaka huu wenyewe ulikipa Afrika Mashariki. Mnamo miaka ya 1960, wenye baiskeli wa Busia walianza kubeba watu na mizigo kuwavusha kutoka lango la nchi moja hadi la nchi nyingine, kwa kuwa malango hayo yametenganishwa na mwendo ambao msafiri mwenye mizigo aliuona mrefu. Biashara hiyo ilienea haraka hadi Malaba, kisha Uganda na Kenya nzima. Baiskeli iliyotumika haikuundwa kwa kazi hiyo. Ilitoka kiwandani ikiwa na mambo machache tu: fremu ya chuma, magurudumu mawili, tandiko la mwendeshaji na keria ya kufungia mzigo. Waendeshaji ndio walioigeuza keria kuwa kiti kwa kuifunika sponji na ngozi, wakaongeza pahali pa abiria kukanyaga, wakaongeza kengele, madigadi na mapambo.

Mambo mawili yanajitokeza katika historia hiyo. La kwanza ni kwamba uchache wa vitu katika baiskeli haukuwa kasoro. Ndio uliowaachia watumiaji nafasi ya kuongeza walichokihitaji. La pili ni la kiisimu. Waliobadilisha chombo ndio waliokipa jina. Neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka lilichukuliwa, likavalishwa sauti za Kiswahili, likaradidiwa, na likawa "bodaboda". Uradidi huo si mgeni katika lugha. Hata "pikipiki", chombo kilichokuja kuchukua nafasi ya baiskeli hiyo, jina lake limeundwa kwa njia hiyo hiyo. Aidha, neno hilo lilijipatia ngeli zake bila kuelekezwa na yeyote: bodaboda imeharibika ikiwa ni chombo, bodaboda amefika ikiwa ni mwendeshaji. Hakuna kamati iliyoketi kulitunga, na leo halihitaji kufafanuliwa kuanzia Mombasa hadi Kampala.

Kiolesura na kijalizo: ufafanuzi wa istilahi

Kiolesura ni ule uso wa programu ambao mtumiaji huuona na kuugusa: vitufe, picha, maandishi, ramani na vidirisha. Nyuma ya uso huo kuna hesabu nyingi ambazo mtumiaji hazioni wala hazimhusu. Katika mchezo, kiolesura ndicho humwambia mchezaji afya yake imebaki kiasi gani, adui yuko wapi, na silaha ipi iko tayari.

Mchezo utakaotumiwa hapa kama mfano mkuu ni World of Warcraft, uliotolewa na kampuni ya Blizzard Entertainment ya Marekani mnamo Novemba 23, 2004. Wachezaji wengi huingia humo kwa wakati mmoja kupitia intaneti, kila mmoja akiwa na mhusika wake, wakashirikiana au wakapigana. Mchezo huu umechaguliwa kwa sababu tangu mwanzo ulimruhusu mchezaji kuongeza programu ndogo zinazobadilisha kiolesura chake.

Programu ndogo ya aina hiyo iitweje kwa Kiswahili? Wapo wanaosema "nyongeza", na wapo wanaosema "programu jalizi". Istilahi ya pili inatokana na kitenzi "jaliza", yaani kujaza hadi pasibaki pengo, na mwanafunzi wa sintaksia atakumbuka mara moja neno "kijalizo". Katika sentensi "Juma ni mwalimu", neno "mwalimu" ni kijalizo. Likiondolewa, sentensi inabaki ikining'inia. Katika sentensi "Juma anafundisha vizuri", neno "vizuri" ni chagizo. Likiondolewa, sentensi inasimama, ila imepungukiwa na habari.

Tofauti hiyo inasaidia kuona kinachobishaniwa. Kwa mchezaji anayejua Kiingereza, programu ya kuongezea ni chagizo: mchezo unachezeka bila hiyo, ingawa kwa uzuri mdogo zaidi. Kwa mchezaji ambaye Kiingereza kinamponyoka, programu inayomletea maneno ya lugha yake ni kijalizo kwa maana kamili, kwa kuwa bila hiyo mchezo wenyewe haukamiliki. Kwa sababu hiyo, makala haya yanatumia neno "kijalizo", na wingi wake "vijalizo".

Kijalizo kinavyofanya kazi

Muundo wa kijalizo ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Katika folda za mchezo, ndani ya tarakilishi ya mchezaji, mna folda iitwayo AddOns. Kila kijalizo huwekwa humo katika folda yake. Ndani yake huwa na faili moja fupi ya utambulisho, inayotaja jina la kijalizo, toleo la mchezo linalohusika, na orodha ya faili nyingine kwa mpangilio wa kusomwa. Mchezo unapoanza huipitia folda hiyo, ukasoma kila utambulisho, kisha ukatekeleza maagizo yaliyomo.

Maagizo yenyewe huandikwa kwa lugha ya tarakilishi iitwayo Lua. Historia ya lugha hii ina funzo kwa vyuo vikuu vyetu. Lua haikuzaliwa Marekani wala Ulaya. Ilibuniwa mwaka 1993 katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Rio de Janeiro, Brazili, na Roberto Ierusalimschy, Luiz Henrique de Figueiredo na Waldemar Celes. Jina lake ni neno la Kireno lenye maana ya mwezi. Leo michezo mingi duniani hutegemea lugha hiyo, na kila anayeitaja hutamka Kireno, ajue asijue.

Kijalizo hufanya kazi kwa kusikiliza matukio. Mchezo hutangaza kwamba jambo fulani limetokea, kwa mfano afya ya mchezaji imepungua au vita vimeanza, na kijalizo kilichojiandikisha kusikiliza tukio hilo huchukua hatua: huonyesha onyo, huficha kidirisha au hubadilisha rangi. Yote hayo hufanyika katika skrini ya mchezaji huyo peke yake. Wenzake hawaoni badiliko lolote, na ulimwengu wa mchezo uliohifadhiwa katika seva za kampuni haubadiliki. Ni kama abiria mmoja kuweka mto wake kwenye kiti cha basi: safari ni ile ile, ila yeye ameketi vizuri zaidi.

Kuongeza ili kupunguza

Wachezaji wengi hutumia vijalizo kwa lengo ambalo mwanzoni huonekana kama kinaya: huongeza programu ili wapunguze vitu. Kiolesura cha asili cha World of Warcraft kilijaa. Chini palikuwa na safu za vitufe zilizopambwa kwa sanamu mbili za ndege wenye mwili wa simba. Juu kushoto palikuwa na sura ya mhusika na vipimo vya afya yake. Juu kulia palikuwa na ramani. Kushoto chini maandishi ya mazungumzo yalipita bila kukoma.

Mchezaji anayetaka kiolesura chepesi huanza kwa kujiuliza swali moja kuhusu kila kitu kilicho mbele yake: je, nakihitaji sasa, nakihitaji mara moja moja, au sikihitaji kabisa? Kisichohitajika huondolewa, sanamu za mapambo huwa za kwanza kwenda. Kinachohitajika mara moja moja hufichwa, kikatokea tu kipanya kinapopita juu yake au vita vinapoanza. Kinachohitajika kila wakati husogezwa karibu na katikati ya skrini, ambako macho hukaa. Kijalizo kama Bartender4 hushughulikia upangaji wa vitufe. ElvUI hubadilisha karibu kiolesura chote kwa mkupuo. Deadly Boss Mods hutoa onyo kabla ya adui mkubwa kufanya shambulio la hatari. Mnamo mwaka 2022, kwa toleo la Dragonflight, kampuni yenyewe iliingiza katika mchezo uwezo wa kusogeza na kupanga sehemu za kiolesura, jambo ambalo kwa miaka mingi lilikuwa limefanywa na vijalizo vya watu binafsi. Mafundi wa pembeni walitangulia, mwenye mali akafuata.

Wepesi huo una matokeo kwa lugha. Skrini ikiwa na maneno mia tatu, mtafsiri huogopa. Skrini ikibaki na maneno thelathini, kazi inawezekana katika juma moja. Hapo ndipo mtindo wa uchache unapokutana na haja ya Kiswahili.

Lugha kama kijalizo

World of Warcraft hutolewa rasmi kwa Kiingereza na kwa lugha nyingine kadhaa, zikiwemo Kifaransa, Kijerumani, Kihispania, Kireno, Kiitaliano, Kirusi, Kikorea na Kichina. Kiswahili hakimo, wala hakuna lugha yoyote ya Kibantu iliyomo. Lakini vijalizo vina utaratibu wao wa lugha. Agizo moja fupi, GetLocale, huuliza mchezo unatumia lugha gani, kisha kijalizo huchagua jedwali la maneno linalofaa. Jedwali hilo si kitu kingine ila orodha yenye safu mbili: upande mmoja neno la asili, upande wa pili tafsiri. Hakuna kinachomzuia mwandishi wa kijalizo kuweka jedwali la Kiswahili na kumpa mchezaji kitufe cha kulichagua.

Kwamba jambo hili linawezekana si nadharia tupu. Kipolandi na Kiukreni hazimo katika orodha rasmi ya lugha za mchezo huo, lakini wazungumzaji wake waliunda vijalizo vya kuziingiza: WoWpoPolsku kwa Kipolandi na ClassicUA kwa Kiukreni. Mbinu yao ni ya moja kwa moja. Kila kazi anayopewa mchezaji katika mchezo ina nambari yake ya utambulisho. Kijalizo huisoma nambari hiyo, hutafuta katika jedwali lake maandishi yaliyotafsiriwa yenye nambari ile ile, na kuyaonyesha badala ya Kiingereza. Kampuni haikulazimika kutafsiri chochote.

Hapa inafaa kukumbuka juhudi za awali za Kiswahili. Mnamo mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye kiolesura cha Kiswahili. Baadaye kidogo Microsoft nayo ilitoa kifurushi cha Kiswahili cha Windows XP, na mwaka 2009 Facebook ikaongeza Kiswahili katika lugha zake. Kazi hizo zilikuwa kubwa na za heshima. Ila zilikuwa na ugumu mmoja: zilihitaji maelfu ya istilahi kwa pamoja, kabla ya mtumiaji kupata nafasi ya kuzionja. Ndiyo maana mabishano ya "kompyuta", "tarakilishi" na "ngamizi", au ya "kipanya" na "puku", yalifanyika zaidi katika kurasa za majarida kuliko katika vidole vya watumiaji. Kijalizo hufuata njia ya bodaboda. Maneno thelathini huwekwa leo, yakatumiwa jioni, na neno lililowachekesha au kuwachanganya wachezaji likabadilishwa kesho asubuhi.

Tatizo la ngeli na utatuzi wake

Iwapo kazi ingekuwa ni kubadilisha neno kwa neno tu, fundi mwenye kamusi angetosha. Ugumu unatokana na jinsi programu zinavyojenga sentensi. Mwandishi wa programu huandika kiunzi chenye pengo, na mchezo hulijaza pengo hilo kwa jina la kitu kinachohusika. Kwa Kiingereza kiunzi kimoja cha kueleza kwamba kitu kimevunjika hutosha kwa vitu vyote. Kwa Kiswahili mambo ni tofauti: kisu kimevunjika, ngao imevunjika, shoka limevunjika, mkuki umevunjika. Fundi asiyejua ngeli ataandika "imevunjika" kwa vyote, na mchezaji wa Chakol, ambaye Kiswahili amekisoma tangu darasa la kwanza, atasoma "kisu imevunjika" na kukidharau kijalizo chote. Kosa hilo moja linatosha kumrudisha kwenye Kiingereza.

Njia ya kwanza ya kutatua tatizo hili ni kuongeza katika jedwali safu ya tatu inayotaja ngeli ya kila nomino, kisha kuandika agizo la kuchagua kiambishi cha upatanisho. Njia hii ni sahihi, lakini hudai kazi nyingi.

Njia ya pili inatoka ndani ya sarufi yenyewe. Kiswahili kinaweza kumfanya mwenye kitu, badala ya kitu, kuwa kiima. Watu husema kila siku, "Nimeharibikiwa na gari." Kwa hiyo kiunzi kikiandikwa "Umeharibikiwa na ..." au "Umevunjikiwa na ...", pengo hilo litapokea kisu, ngao, shoka au mkuki bila sentensi kuyumba, kwa kuwa kitenzi kinapatana na nafsi ya pili na hakihusiani na ngeli ya kitu. Si hila ya kukwepa sarufi. Ndivyo mzungumzaji wa kawaida angesema mwenyewe. Vivyo hivyo, "Umepata ..." ni bora kuliko kiunzi kinachoanza na kitu kilichopatikana.

Wingi nao una dawa yake. Kiingereza hubadilisha mwisho wa neno, ilhali Kiswahili hubadilisha mwanzo, na pengine hakibadilishi kitu: kisu huwa visu, shoka huwa mashoka, ngao hubaki ngao. Agizo linalobandika herufi mwishoni halitufai. Lakini jedwali likihifadhi umbo la umoja na la wingi bega kwa bega, tatizo linakwisha. Tarakimu nazo zinasaidia bila kukusudia. Mchezo ukiandika "visu 3", upatanisho wa idadi haujitokezi katika maandishi. Msomaji mwenyewe atasoma "vitatu", na penye "ngao 3" atasoma "tatu".

Vivumishi vinahitaji uangalifu zaidi. Katika World of Warcraft, ubora wa vitu huonyeshwa kwa rangi na kwa neno. Vitu hafifu huwa vya kijivu, vya kawaida huwa vyeupe, kisha huja kijani, buluu na zambarau, na machungwa kwa vile vyenye sifa kuu. Tukichagua vivumishi vya asili ya Kibantu, kila kimoja kitadai kiambishi: kisu kikali, mkuki mkali, ngao kali. Lakini Kiswahili kina hazina ya vivumishi visivyochukua viambishi, vingi vyavyo vyenye asili ya Kiarabu. "Duni", "bora", "adimu", "azizi" na "mashuhuri" hukaa baada ya nomino yoyote bila kubadilika: kisu adimu, mkuki adimu, ngao adimu, mashoka adimu. Ngazi tano kati ya sita zimekwisha kupata majina. Inayobaki ni ile ya vitu vya kawaida, ambayo ingedai kihusishi "-a", na hapo mtindo wa kiolesura chepesi unatoa jibu: kitu cha kawaida hakihitaji kuitwa cha kawaida. Jina lake litoshe.

Jambo la mwisho ni urefu. Inasemwa mara nyingi kwamba maneno ya Kiswahili ni marefu mno kwa vitufe vidogo. Dai hilo lina ukweli nusu tu. Ni kweli kwamba "shambulia" hailingani na kitufe chembamba. Lakini "piga" inalingana, na "kinga", "rudi", "funga", "afya" na "nguvu" pia. Isitoshe, kitenzi cha Kiswahili hubeba sentensi nzima: "Umeshindwa" ni neno moja lenye nafsi, wakati na tendo. Anayechagua maneno kwa sikio zuri hatakosa nafasi.

Mipaka ya kijalizo

Haifai kumficha msomaji kwamba mlango huu una mwenyewe. Katika miaka ya mwanzo, baadhi ya vijalizo viliweza kumchagua mwenzako aliyedhurika na tiba inayomfaa kwa mbonyezo mmoja, hata ikawa programu ndiyo inayocheza. Mwishoni mwa mwaka 2006 kampuni iliziba mwanya huo kwa kuzuia vijalizo kuamua matendo wakati wa vita. Mwaka 2009 ilitoa sera iliyodai kwamba vijalizo visiuzwe, na maagizo yake yaweze kusomwa na yeyote. Mnamo mwaka 2025 ilitangaza mipaka mikali zaidi, inayoandamana na toleo la Midnight, ili vijalizo visichakate tena taarifa za vita zinapotokea, ingawa vibaki na uwezo wa kubadilisha sura ya kiolesura. Sababu za kampuni zinaeleweka, kwani ushindi unapaswa kuwa wa mchezaji. Hata hivyo funzo ni wazi: anayejenga katika kiwanja cha mwingine hujenga kwa ruhusa, na ruhusa hupunguzwa.

Kwa mkazi wa Chakol kuna vikwazo vya karibu zaidi. Mchezo huo hudai tarakilishi yenye nguvu, intaneti isiyokatika, na ada ya kila mwezi kwa anayetaka kuucheza kupita ngazi ya 20. Kwa hiyo ni busara kutaja mchezo wa pili. Luanti, ambao hadi mwaka 2024 uliitwa Minetest, ulianzishwa na Perttu Ahola wa Ufini mwaka 2010. Ni wa bure, maagizo yake ni wazi kwa wote, na huendeshwa na tarakilishi za kawaida. Wachezaji wa darasa moja wanaweza kuunganisha tarakilishi zao na kucheza pamoja, moja ikiwa seva, hata pasipo intaneti. Vijalizo vyake pia huandikwa kwa Lua, na kila kijalizo kinaweza kuwa na folda ya lugha yenye faili ya tafsiri iliyotambulishwa kwa herufi "sw". Muhimu zaidi, katika orodha ya lugha za kiolesura cha Luanti, Kiswahili kimo. Humo hakuna kampuni ya kufunga mlango. Kinachoweza kukwamisha kazi ni ukosefu wa wafanyakazi tu.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba kijalizo ni folda yenye faili chache, kwamba jedwali la lugha ni orodha ambayo mwanafunzi yeyote anaweza kuisoma, na kwamba ugumu halisi uko katika upatanisho, uteuzi wa vivumishi na ufupi wa maneno. Hayo ndiyo mambo yanayofundishwa katika madarasa ya mofolojia na sintaksia ya Kiswahili. Fundi wa tarakilishi anaweza kuandika maagizo yote na bado akashindwa na neno "imevunjika". Mwanafunzi wa Kiswahili asiyejua Lua kabisa anaweza kulitatua tatizo hilo kwa kalamu na karatasi.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vingeweza kuanza kwa jambo dogo: kuchukua kiolesura chepesi cha mchezo mmoja wa bure, kukusanya maneno yake, kuyatafsiri kwa kuzingatia kanuni zilizotajwa, na kuyapeleka kwa vijana wachezaji ili wayasahihishe. Wachezaji wa mpakani wangefaa sana kwa kazi hiyo, maana wamezoea kusikia neno moja likisemwa kwa lugha nne na kujua lipi linapita. Waendeshaji baiskeli wa Busia walipoifunika keria kwa sponji hawakujua kwamba wanaongeza neno katika kamusi. Walitaka tu abiria aketi. Mchezaji wa Chakol naye anataka kuketi mbele ya skrini na kuelewa anachoambiwa, na wahenga walikwisha kusema: mcheza kwao hutunzwa.